Kiti Kina Namba, Picha Haina

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi

YAH: OMBI LA SHERIA NDOGO YA SANAA ZA HADHARANI KATIKA MIJI YA NACHINGWEA NA RUANGWA

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

  

Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani badala ya kuketi kwenye benchi la wageni nje ya ofisi yako nisubiri zamu yangu. Sikufanya hivi kwa kiburi. Jambo lenyewe ni la hadhara. Linahusu kuta, njia panda, viwanja na vipilefti ambavyo kila mtu hupita, nikaona si adabu mtu mmoja kwenda kuliomba chini kwa chini kana kwamba ni lake.

Mheshimiwa, mimi ni mchora vibao. Ndiyo kazi iliyonilea tangu nilipomaliza darasa la saba. Nimeandika majina ya maduka, ya saluni, ya bucha na ya magereji. Nimechora mama na mtoto kwenye ukuta wa zahanati, na mswaki wenye urefu wa mtu kwenye ukuta wa shule. Na mimi ndiye ninayeitwa kuandika namba kwenye samani za ofisi za serikali. Kwa idhini yako, naomba nikueleze kazi hiyo, kwa kuwa ombi langu limetoka humo. Kiti kinapinduliwa miguu juu. Ninaweka stensili ya bati chini ya kikalio, naibana kwa kidole gumba, napitisha brashi ndogo yenye rangi nyeupe ya mafuta mara moja tu. Ukirudia mara ya pili rangi inatambaa chini ya bati na namba nane inageuka donge. Kifupi cha jina la halmashauri, mkwaju, idara, mkwaju, namba. Afisa amesimama kando na leja yake, anaandika. Kuanzia hapo kiti kile kina mwenyewe. Kikivunjika mguu inaandikwa. Kikitaka kutupwa, sharti watu wakae kikao, wakijadili, waweke sahihi.

Sasa nikuombe uvumilivu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya umma, ambayo kwa adabu sitaitaja, iliniomba nichore ukuta wake wa mbele. Ulikuwa ukuta mrefu, hatua zangu ishirini na mbili. Nilifanya kazi siku kumi na moja. Siku mbili za mwanzo sikuchora kitu: nilikwangua chokaa ya zamani, nikaziba nyufa, nikapiga andakoti, nikaacha ikauke, kwa sababu ukuta wenye unyevu ni mwongo, unapokea rangi leo na masika yakija unaitema. Siku ya tatu tukapiga uzi. Kijana wangu alishika ncha moja, mimi nyingine, uzi umepakwa unga wa mkaa. Unauvuta, unauachia, pa, mstari umenyooka kuliko wa rula. Juu ya mstari ule nikaweka treni iliyokuwa ikija Nachingwea kutoka Mtwara zamani za wazee wetu. Chini yake nikaweka kina mama wameketi mkekani wanabangua korosho. Mikono yao niliichora kwa kuitazama mikono ya shangazi yangu. Mtu aliyebangua korosho miaka mingi, mafuta ya ganda humwachia weusi usiotoka kwenye gumba na kidole cha shahada, na weusi ule nikauweka. Wapita njia walikuwa wakisimama. Bibi mmoja akauliza, "Huyu si fulani?" Hapo nikajua kazi imeiva.

Kisha ukaja ugeni mkubwa. Siku mbili kabla yake ukuta ulipigwa rangi moja kutoka kona hadi kona ili ofisi ipendeze. Nilipofika, vijana walikuwa wameshamaliza treni, wamefika kwenye mikono. Nilisimama na baiskeli yangu. Nilitaka kusema neno, nikakosa wa kumwambia. Vijana walikuwa wametumwa. Aliyewatuma alikuwa amehamia kwetu mwezi uleule na alitaka usafi. Aliyenipa kazi alikuwa ameshahamishwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, Mheshimiwa, na nakusihi uniamini ninaposema sina kinyongo na mtu. Ila jambo moja lilinikaa. Siku ile ofisi ilikuwa inapigwa deki, viti vimetolewa nje, vimepinduliwa vimepangwa barazani, na namba nilizoziandika kwa mkono wangu zinasomeka vizuri. Kulikuwa na kiti kibovu cha miguu mitatu. Kilikuwa na namba. Picha haikuwa nayo.

Ombi langu lote limo humo. Naomba, kwa magoti, Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa ziongozwe na ofisi yako kuandika sheria ndogo ya sanaa za hadharani, na moyo wa sheria hiyo uwe daftari: kila mchoro, sanamu au nakshi iliyo kwenye mali ya umma iandikwe ni nini, iko wapi, kaifanya nani, nani ataitunza, na isiwekwe wala isifutwe mpaka watu wanaojulikana wamekaa na kukubaliana.

Huenda ukaniuliza, na una haki ya kuuliza, kwa nini sasa, wakati zahanati hazijatosha na visima havijatosha. Ni kwa sababu miji hii inakua mbele ya macho yetu, na mji unaokua huwekwa alama zake upesi upesi. Lami ya kutoka Nanganga imefika Ruangwa. Timu ya mpira ya huko, Namungo, walipanda Ligi Kuu mwaka 2019, wakafika hadi hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na wageni wameijua njia ya kwenda Uwanja wa Majaliwa. Kila palipo na barabara mpya pana kipilefti, na kila kipilefti kinaita kitu cha kuwekwa katikati. Kitu hicho kitakuja tu, tukijipanga tusijipange.

Naogopa kitakuja kwa njia ya zabuni ya kalavati. Mchonga vinyago hana usajili wa ukandarasi, na ndani ya mfumo wa manunuzi hana mlango. Kazi atapewa mkandarasi wa barabara, naye, akiwa mtu mwema anayetaka kumaliza mradi, atatafuta fundi yeyote wa saruji, nondo na waya wa kuku, aweke tembo au simba kama aliyekwisha kumweka mji mwingine. Majirani zetu wa Eldoret, Kenya, wametufundisha hili kwa uchungu wao. Mji wao ulipopandishwa kuwa jiji mwezi Agosti 2024, zilisimamishwa sanamu za wanariadha barabarani, na Eldoret ina mabingwa ambao dunia nzima inawajua kwa sura. Watu walipoziona hawakuwatambua mabingwa wao, wakazicheka, na sanamu zikaondolewa. Mimi sikucheka. Nilimwaza fundi aliyezitengeneza, pengine kwa siku chache na kwa fedha kidogo, bila mtu wa kumwambia mapema, kwa upole, kwamba pua haijakaa sawa.

Mheshimiwa, naomba kukukumbusha mambo unayoyajua kuliko mimi, ili niseme ninachokiogopa zaidi. Mji wa Nachingwea ulichorwa na watu wengine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Wakapima mashamba wakayapa namba, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Januari 1951 wakakubali kuwa mradi umekufa, na pauni milioni 36 zimekwenda nao. Reli ikaendelea kuhema hadi ilipofungwa mwaka 1962, kisha vyuma vikang'olewa. Nimewahi kuandika jina la duka juu ya mlango ambao kizingiti chake ni kipande cha reli hiyo. Mwenye duka alizaliwa baada ya treni ya mwisho kuondoka, na hakujua anapita chini ya nini kila asubuhi.

Na moja ya mashamba yale ya namba, Farm 17, lilikuja kupata kazi ambayo waliolipima hawakuiota. Katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifungua hapa kambi yao kuu ya mafunzo, chini ya Samora Machel. Josina, aliyekuja kuwa mke wake, alifunzwa hapa pamoja na wasichana wenzake waliokataa kubaki nyuma ya mstari wa vita. Mwezi Mei 1975 Samora aliondoka Nachingwea kuanza ile safari ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni nchi yake ikawa huru. Wazee wetu wa hapa walikuwa na umri wa kutosha kuwauzia askari wale mihogo na mafuta ya taa. Walijifunza maneno machache ya Kireno, na baadhi yao wangali wanayasema.

Mjini Maputo, kwenye Uwanja wa Mashujaa, upo ukuta mrefu uliochorwa historia ya mapambano yale. Mtoto wa Maputo anapita anauona akienda shule. Mtoto wa Nachingwea naye ana shule ya sekondari yenye jina la Farm 17, analiandika jina hilo juu ya kila daftari lake, na ukimuuliza namba ile imetoka wapi, mara nyingi anatabasamu tu. Nimeuliza watoto kadhaa nikiwa nachora kwenye shule mbalimbali. Hawana kosa. Mambo hayo yamo vichwani mwa wazee na kwenye vitabu vichache, na vyote viwili vinakwisha. Hicho ndicho ninachokiogopa zaidi.

Upande wa Ruangwa kuna jambo ambalo kila nikilifikiri nafurahi kama mtoto, na naomba uniruhusu nifurahi mbele yako. Ruangwa imekalia madini ya kinywe. Miradi ya Lindi Jumbo na Chilalo yote iko huko. Tunaambiwa dunia inayataka kwa ajili ya betri za magari ya umeme, nasi tunashukuru. Lakini kinywe kilikuwa penseli kabla hakijawa betri. Mwaka 1795 Mfaransa aitwaye Conté alikisaga, akakichanganya na udongo, akakichoma, na penseli tunazochongea watoto wetu hadi leo zimetokana na ufundi ule. Nililetewa jiwe la kinywe siku moja. Ni laini, linateleza kama limepakwa sabuni. Nilipoligusa kidole changu kilibaki cheusi chenye kung'aa, na nilipokipitisha juu ya karatasi kikaacha mstari. Nikamchora aliyeniletea, kwa kidole, papo hapo. Wilaya ambayo ardhi yake yenyewe inaandika, Mheshimiwa, haistahili tembo wa saruji wa kuazima.

Wala hatuna upungufu wa mikono. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua na akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, hadi leo jina lake ni jina la uchoraji wenyewe. George Lilanga alikuwa mtu wa Masasi. Naye alipata nafasi yake Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na kazi zake zikafika Ulaya na Marekani. Kusini inazaa, lakini mpaka sasa mtoto sharti apande basi ndipo aonekane. Nina vijana wawili ninaowafundisha. Mmoja anachora nyuso kuliko mimi, nasema hivyo bila wivu, na kila mwaka msimu wa korosho ukiisha anahesabu nauli.

Kuhusu nani aamue, naomba nikushauri kwa hofu, maana hapa ndipo tunapoweza kuumizana. Nisingependa iwe kazi ya wachoraji peke yetu. Tunapendelea kupita kiasi yale tunayoyaweza. Awepo Afisa Utamaduni, awepo mhandisi wa kutuambia kama kitu kitaangukia watu, awepo diwani wa kata. Na nasihi sana wawepo wazee wa Kimwera, wa Kimakonde, wa Kiyao na wa Kimakua, pamoja na makungwi. Yapo mambo ya jando na unyago, yapo maumbo ya udongo na sura za midimu, ambayo yana nyumba yake na saa yake. Mtu wa mbali akiyaona kwenye kitabu atayapenda, ataona ndiyo asili yenyewe, atataka yasimame kwenye kipilefti mchana kweupe. Mama yangu mdogo ni kungwi. Nilipomuuliza kama ningeweza kuchora kitu fulani cha huko, hakunijibu. Alifunika chungu, akabadilisha mazungumzo. Nikaelewa. Sheria nzuri itampa mtu kama yeye kiti kwenye kikao, na itampa haki ya kufunika chungu.

Fedha sitazisema sana, kwa kuwa wewe ndiye unayejua mifuko yako. Nchi ya Senegal mwaka 1968 ilitunga sheria ya kutenga sehemu ya gharama za majengo ya umma kwa ajili ya sanaa, na jiji la Philadelphia kule Marekani lilikuwa limeshaanza utaratibu kama huo mwaka 1959. Kwao ni asilimia moja. Mimi naomba nusu ya hiyo. Jengo la shilingi milioni 500 litatoa milioni mbili na nusu. Kwa fedha hiyo nitakupigia lipu ukuta, nitanunua rangi nzuri ya mafuta, nitawalipa vijana wawili, na kitabaki cha kurudia baada ya masika mawili. Hicho cha kurudia ndicho nisichotaka kisahaulike. Aidha kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, kinawataka wenye leseni kupanga kila mwaka pamoja na halmashauri mambo watakayoyafanyia jamii. Tunaomba madarasa na maji, na tuendelee kuomba. Lakini kwenye orodha ndefu hiyo, ukuta mmoja kwa mwaka hautamnyima mtu maji.

Mamlaka yapo tayari, hatuombi Bunge likae. Sera ya Utamaduni ipo tangu mwaka 1997. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa sheria ya mwaka 1984. Na Sheria ya Serikali za Mitaa, ile ya Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287, inalipa Baraza la Madiwani uwezo wa kutunga sheria ndogo, Waziri mwenye dhamana akaridhia. Wakitunga za ushuru wa soko na za mifugo inayozurura, wanaweza na hii. Ikiwa na kurasa nne inatosha. Ningeomba iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, ili fundi rangi anayetumwa na rola yake aweze kuisoma mwenyewe kabla hajachovya.

Kama katika haya nimevuka mpaka, nakuomba unikemee kama mzazi anavyomkemea mwanawe, nami nitapokea. Kama kuna neno lenye maana, naomba ulitupie jicho hata kwa dakika chache, katikati ya majukumu yako mazito ambayo sisi wa chini hatuyaoni yote.

Nami sitaki kuja mikono mitupu. Ukiridhia, nitachora ukuta wa kwanza bila ujira. Rangi tu ndiyo nitakayoomba. Ningependa uwe karibu na stendi ya Nachingwea, upande usiopigwa na jua la mchana, na ningependa uwe wa Farm 17, wazee wakiwa wamekaa pembeni kwenye viti wakituambia nani alikuwa mrefu na nani alikuwa na ndevu. Baada yake twende Ruangwa, tumpe kijana wangu ukuta wa nje wa uwanja wa mpira. Kabla ya kuanza, naomba afisa asimame kando na leja yake kama anavyofanya kwa viti. Stensili ninazo, sifuri hadi tisa, nimeshazisafisha kwa mafuta ya taa. Namba ya kwanza nitaiandika pembeni chini, kona ya kulia, ndogo, rangi nyeupe.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mchora vibao,
Nachingwea

Nakala kwa heshima: Wenyeviti wa Halmashauri za Wilaya za Nachingwea na Ruangwa